Mkono Mwepesi Kichwani

   Najua wengi mnanisikiliza mkiwa kwenye shughuli za kichwa. Yuko aliyekaa saluni tangu asubuhi anasukwa rasta, yuko aliyeketi mkekani katikati ya magoti ya dada yake akifumuliwa yeboyebo, na yuko kaka aliyeinamisha shingo kwa kinyozi. Basi hapo mlipo panafaa kabisa, maana leo nazungumzia kichwa chenyewe.

Mada yetu ni kile kibrashi cha kukandia kichwa. Mnakijua. Kina mpini mdogo unaoingia kiganjani, na upande wa chini kina meno manene ya mpira laini. Ukipita Kariakoo kipo, ukipita maduka ya vipodozi ya River Road kule Nairobi kipo, na wamachinga wanakuletea mpaka dirishani kwenye daladala. Muuzaji anakwambia, "Dada, chukua hiki, kinakuza nywele." Na wewe unajiuliza: kweli kinakuza? Kama nanunua, nichague cha aina gani? Na nikifika nacho nyumbani, nakitumiaje?

Hayo ndiyo maswali yetu matatu ya leo. Je, kinakuza nywele? Nichague kipi? Nikitumie vipi? Tuyachukue moja moja, taratibu.

Tuanze na la kwanza: kinakuza nywele?

Ndugu msikilizaji, unywele unaouona, unaouchana na kuusuka, hauna uhai. Ndiyo maana ukiukata huumii. Uhai wake uko chini, ndani ya ngozi, milimita chache tu, mahali ambapo mzizi wake umezungukwa na mishipa midogo ya damu. Unywele unatengenezwa hukohuko. Kila unywele una majira yake: unakua kwa miaka kadhaa, unaacha kukua, unapumzika kiasi cha miezi 3, kisha unaanguka na mwingine unaanza palepale. Kwa hiyo kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni jambo la kawaida kwa binadamu. Ukifumua msuko wa wiki sita ukaona fungu la nywele kwenye kitana, usishtuke papo hapo. Nyingi kati ya hizo zilikwisha kuanguka zenyewe siku hizo zote, zikawa zimeshikwa tu na msuko.

Sasa, unapokanda kichwa kinatokea nini? Ngozi inavutika kidogo, damu inapita zaidi kwa muda, na chembechembe zilizo kwenye mzizi zinasukumwasukumwa. Wataalamu wa Japani waliwahi kulipima jambo hili, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2016. Waliwachukua wanaume 9 wenye afya, wakawa wanakandwa kichwa kwa kifaa maalumu dakika 4 kila siku, kwa wiki 24. Mwisho wake, unywele mmojammoja ulionekana kuwa mnene kuliko mwanzo.

Tuyapime matokeo hayo kwa haki. Watu wenyewe ni 9 tu, wachache mno. Nywele zao si hizi zetu zinazojisokota. Na kilichoongezeka ni unene, tena kwa kiasi kidogo sana. Lakini angalieni muda: dakika 4 kila siku, karibu nusu mwaka mzima. Kwa hiyo anayekuahidi nywele za kufika mabegani ndani ya wiki mbili, hata Japani hakuna aliyepima kitu cha namna hiyo.

Na lipo jambo ambalo brashi haliwezi. Mahali ambapo mzizi umekwisha kufa na ngozi imebaki laini, inang'aa, bila hata tundu la unywele, hakuna kukanda kutakakourudisha. Akina baba wenye upara wa kurithi pia niwaambie ukweli: upara ule unatokana na homoni na damu ya ukoo, na brashi haliubadilishi.

Basi faida iko wapi? Ipo, tena kubwa. Faida ya kwanza ni usafi. Fikiria kinachokaa kichwani mwetu kwa wiki moja tu: jasho, vumbi la barabarani, mafuta, jeli ya kulazia nywele za mbele. Dereva wa bodaboda ana kofia ngumu inayombana tangu alfajiri. Dada mwenye mtandio au wigi ana joto ambalo halipati pa kutokea. Na wengi wetu maji yetu ni ya kisima, ya chumvi, sabuni inakataa kutoa povu na inaacha utando kwenye ngozi. Vidole peke yake vinachoka kabla utando huo haujatoka. Meno laini ya brashi yanaufikia na kuulegeza.

Faida ya pili naithamini zaidi ya ya kwanza. Ukikanda kichwa chako mwenyewe kila wiki, unakijua. Unajua utosi ukoje, kisogo kikoje, mapanja yakoje. Siku kikitokea kipele, siku sehemu moja ikianza kuuma, siku nywele za kwenye panja zikipungua, vidole vyako vinakwambia mapema. Wengi wetu tunajua vizuri mtindo ulio kichwani lakini hatuijui ngozi iliyo chini ya mtindo. Tunaiona siku tatizo limekwisha kukomaa.

Hapa niseme jambo ninaloliamini kwa moyo wote. Wahenga wametuachia msemo: ukitaka uzuri, sharti udhurike. Nawaheshimu wahenga, lakini kwenye kichwa msemo huu umetuponza. Tumemkalisha binti wa miaka mitano, tumemvuta mapanja mpaka macho yakanyooka, akalia, tukamwambia avumilie. Watu wazima nao wanatoka saluni moja kwa moja kwenda kumeza dawa ya maumivu, usiku hawawezi kulaza kichwa kwenye mto, na kuzunguka paji la uso vimetokea vipele vidogo vyeupe. Wenyewe tunasema, "Utalegea tu, ndio kwanza mpya." Jamani! Maumivu yale ni mizizi ya nywele inavutwa. Ikivutwa mwaka huu, na mwaka ujao, na miaka kumi, inakufa. Ndipo unamwona dada bado kijana, mapanja yameshapanda juu.

Wapo wanaodhani haya ni mkosi wa nywele za kipilipili. Hapana. Mwaka 1907 tatizo hilihili liliandikwa kuhusu wanawake wa Greenland, nchi ya barafu, watu wenye nywele ndefu zilizonyooka, kwa sababu walizoea kuzifunga kwa kuzibana sana. Kwa hiyo kisa ni kuvuta. Nywele yoyote, ya mtu yeyote, ikivutwa sana kwa muda mrefu itaondoka.

Ndiyo maana nasema, brashi bora kuliko yote duniani haliwezi kushindana na msuko unaouma. Ukikanda dakika 4 jioni na msuko ukavuta saa 24, nani atashinda? Jibu unalo.

Tumemaliza swali la kwanza. Tukumbushane: brashi la kichwa linasafisha, linaburudisha, linakusaidia kuijua ngozi yako, na huenda likaongeza unene wa unywele kidogo ukiwa na subira. Halifufui mzizi uliokufa.

Swali la pili: nichague kipi?

Sokoni utakuta aina nne hivi. Ya kwanza ni hiyo ya meno ya silikoni, yaani mpira laini. Ya pili inafanana nayo kwa umbo, lakini meno yake ni plastiki ngumu. Ya tatu ni ile yenye miguu ya waya iliyotawanyika, kila mguu una kitufe nchani, unaishusha juu ya kichwa mwili mzima unasisimka. Ya nne ni ya umeme, ya betri au ya kuchaji, inayotetema. Ndugu yake mmemwona kwa vinyozi, ile mashine anayoifunga mgongoni mwa kiganja.

Kwa matumizi ya nyumbani, hasa kwa nywele zetu, mimi nakushauri hiyo ya kwanza, ya meno ya silikoni. Unaipimaje dukani? Fanya hivi. Bonyeza jino moja kwa kidole: linapinda na kurudi? Vizuri. Kisha lipitishe upande wa ndani wa kifundo cha mkono, pale ngozi ilipo laini, ukikandamiza kidogo. Likikukwaruza au likiacha mstari mweupe, mrudishie muuzaji. Tazama ncha za meno: ziwe za mviringo, zisiwe na kingo zilizobaki kiwandani. Tazama nafasi kati ya jino na jino: mwenye nywele nyingi zilizojisokota achukue meno marefu yaliyoachana, kwa sababu meno mafupi yaliyosongamana yataishia juu ya nywele bila kugusa ngozi, na yatazifunga mafundo. Mwisho, shika mpini mkono ukiwa na maji. Likiteleza, halikufai bafuni.

Ya plastiki ngumu iache, inachubua. Ya miguu ya waya inaburudisha, sikatai, lakini itumie kwenye nywele fupi na kavu. Kwenye nywele ndefu za asili itanasa, na kwenye rasta itachomoa. Ya umeme inamsaidia mtu ambaye mikono yake inauma au haina nguvu, wazee wetu kwa mfano. Ila hakikisha ni ya kutumika kwenye maji kabla hujaingia nayo bafuni, na usiipandishe mtetemo wa juu.

Na lipo brashi jingine nataka mliogope: lile lenye gurudumu la sindano ndogondogo. Lile si la kukandia. Linatoboa ngozi. Kazi yake ina wenyewe, watu waliosomea, kwenye usafi wa hospitali. Usilinunue barabarani, na usilitumie pamoja na mwenzako hata siku moja, maana linagusa damu.

Je, kama sina hela ya brashi? Hujakosa kitu kikubwa, ndugu yangu. Nyama ya ncha za vidole vyako kumi inatosha. Pwani kwetu bibi harusi anasingwa kwa mikono tangu enzi na enzi, na mikono hiyo ilijua kazi kabla ya silikoni. Sharti moja tu: iwe nyama ya kidole, isiwe kucha.

Sasa swali la tatu, nalo ndilo lenye kazi: nikitumie vipi?

Shikeni kanuni moja, nitairudia mpaka muichoke: sogeza ngozi, usivute nywele. Sogeza ngozi, usivute nywele. Brashi likishagusa ngozi, lisiteleze juu yake. Lishike pale, likandamize kidogo, kisha zungusha kwa mzunguko mdogo sana, ngozi yenyewe ndiyo isogee juu ya fuvu. Halafu linyanyue. Usiliburute. Linyanyue, uliweke pembeni kidogo, uanze tena. Ukandamize kiasi gani? Kama unavyobonyeza parachichi sokoni kujua limeiva: mkono unapata habari, na tunda halipati alama.

Tuende hatua kwa hatua, siku ya kuosha. Kwanza, fumua mafundo kabla ya yote, kwa vidole au chanuo la meno mapana, nywele zikiwa na maji na kilainishi. Brashi likikutana na fundo, linalikaza. Pili, gawanya kichwa mafungu manne, yabane. Tatu, sabuni ya nywele iweke kwenye ngozi, ipunguze makali kwa maji kidogo kama nywele zako ni kavu. Nne, kanda fungu moja kwa dakika moja hivi: anza kisogoni, njoo utosini, malizia kwenye mapanja, na hapo kwenye mapanja mkono uwe mwepesi kuliko kote. Dakika moja mara mafungu manne, hizo ni dakika 4. Tano, suuza mpaka maji yatoke safi, kisha weka kilainishi kwenye urefu wa nywele.

Mara ngapi kwa wiki? Kuosha kunatokana na nywele zako na kazi yako. Mwenye nywele fupi anayetoka jasho kila siku anaweza kuosha mara mbili tatu. Mwenye nywele ndefu za asili, mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili inamtosha. Lakini kukanda bila maji, kwa vidole tu, jioni umekaa barazani, unaweza kila siku.

Aliyesukwa je? Msuko ukiwa mpya, subiri siku kadhaa, ngozi bado ina kazi ya kutulia. Baadaye, weka maji na sabuni kidogo kwenye chupa ya kupulizia, puliza kwenye mistari, kisha pitisha nyama ya vidole kwa kufuata mstari. Ikiwa ni twende kilioni, fuata unakoelekea msuko. Usizungushe brashi juu ya rasta, utazichafua na kuzivuta. Halafu zikaushe vizuri, maana msuko unaokaa na maji unatoa harufu.

Unayeweka dawa ya kulainisha nywele, sikia hili. Usikande kwa brashi wala kujikuna siku moja au mbili kabla ya kuweka dawa. Mchubuko mdogo usiouona, dawa itauona, na utaungua.

Na mafuta? Mafuta ya nazi ni mazuri kwenye nywele. Yanasaidia zisipoteze protini zake wakati wa kuosha. Lakini mwenye mba asiyamwage kwenye ngozi. Mba inaendana na vimelea vinavyopenda mafuta, kwa hiyo unapopaka zaidi ukidhani ngozi imekauka, unavilisha. Mwenye mba atafute duka la dawa lenye shampuu yenye ketokonazo, aipake, akande taratibu, aiache dakika 3 hadi 5 kichwani kabla ya kusuuza. Asiyakwangue magamba kwa brashi. Yakilainika yatatoka yenyewe.

Ukimaliza, safisha brashi lenyewe. Ondoa nywele zilizonasa, lioshe kwa sabuni, litikise, lianike penye hewa, meno yakitazama chini. Kila mtu awe na lake. Akina mama, nawaomba sana hapa. Mapunye, ambayo ndugu zetu wa Kenya wanayaita mashilingi, yanahama kutoka kichwa hadi kichwa kwa kitana, kwa mashine ya kunyolea, kwa taulo, na brashi nalo litayabeba. Mtoto akiwa nayo, usimkande, usimsugue. Mpeleke kituo cha afya, kwa sababu krimu ya juu peke yake kwa kawaida haitoshi; anahitaji dawa ya kumeza.

Hilo linanifikisha kwenye jambo la mwisho: nani aliweke brashi chini kwanza?

Mwenye kidonda, usaha au ngozi iliyochubuka. Kaka mwenye vipele vigumu kisogoni vinavyotokea baada ya kunyoa. Ndugu zetu wenye ualbino wakiona kidonda au gamba kichwani lisilopona, wasilisugue na wasingoje, waende kwa daktari wa ngozi mapema, maana jua linawadhuru kuliko wengine. Na dada unayesikia utosi unawasha au unaungua, nywele zinapungua kuanzia katikati na kutanuka kwenda pembeni, usijitibu kwa kukanda. Kuna ugonjwa unaoanza hivyo, unaacha makovu chini ya ngozi, na ukiwahiwa unazuilika usiendelee. Wataalamu wapo. Katika hospitali ya KCMC pale Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992, na waliofundishwa pale wanatibu katika nchi nyingi za Afrika. Ulizia hospitali ya mkoa wako.

Na mama uliyejifungua miezi 3 au 4 iliyopita, nywele zinanyonyoka kwa wingi mpaka unaogopa: tulia. Hilo huwapata wengi, na nywele hurudi. Kula vizuri, kanda polepole, usibane. Ikizidi mwaka bila nafuu, au ukijisikia mchovu kupita kiasi, kapime damu.

Wasikilizaji wapenzi, muda unanibana, nikusanye tuliyosema. Chagua meno laini, ya mviringo, yaliyoachana. Kanda dakika 4. Sogeza ngozi, usivute nywele. Brashi lako liwe lako peke yako. Panapouma, acha, utazame pana nini.

Na wewe uliye kwenye kiti cha saluni muda huu, kichwa kimeinama, mapanja yanakuvuta na unaona haya kusema: sema. Mwambie msusi wako kwa upole, "Dada, naomba unilegezee hapa mbele." Msusi mwema hakasiriki, anafumua mistari miwili na kuianza upya. Nanyi wasusi mnaonisikia, muulizeni mteja kabla hajasema, hasa akiwa mtoto, kwa sababu mtoto amefundishwa kunyamaza. Tukianza leo, mabinti waliopo magotini mwetu watafika utu uzima na mapanja yao.